UZI: Wageni 64 wa harusi, kisiwa cha mbali. Tuwavushe kwa feri, boti ya kukodi au ndege ndogo?

Mratibu64 (#1)
Wakuu, heshima kwenu. Kamati ya harusi imenikabidhi usafiri, naomba tupeane elimu.

Wageni ni 64. Wazee 9, watoto 11 (wawili bado wananyonya), mjamzito mmoja wa miezi saba. Ndoa inafungwa Jumamosi saa 10 jioni. Kisiwa kiko kilomita 70 kutoka bandari ya karibu. Njia zilizopo:

- Feri: Jumanne na Ijumaa tu, inatembea kilomita 22 kwa saa.
- Boti ya faiba ya kukodi: abiria 24, injini mbili za nyuma, kilomita 45 kwa saa bahari ikiwa shwari.
- Ndege ndogo ya viti 12: dakika 35 angani. Kiwanja cha kisiwani ni cha changarawe, mita 900, hakina taa.

Karibu wote wanaanza na ndege kubwa kutoka miji tofauti. Kamati imeegemea boti kwa kuwa ni saa moja na nusu tu. Tuanzie wapi?

TeziNaOmo (#2)
Anzia kisiwani urudi nyuma. Watu wengi wananunua kwanza tiketi ya ndege kubwa kwa sababu ndiyo yenye bei ya kutisha, halafu kipande cha mwisho wanakiachia bahati. Kumbe kipande cha mwisho ndicho chenye ratiba finyu na ndicho kinachovunjwa na hali ya hewa.

Swali la kwanza si "chombo gani kina kasi", ni "hiki kikifutwa, kinachofuata ni lini?" Feri ya Ijumaa ikifutwa, inayofuata ni Jumanne, na harusi imeshapita. Kwa hiyo feri ya Ijumaa usiiweke kwenye mpango kama njia kuu ya mtu yeyote. Ya Jumanne ndiyo feri yako.

Halafu ujihesabu una bahati. Kisiwa cha Saint Helena, huko Atlantiki, kilipata safari za ndege za ratiba Oktoba 2017, na ya kawaida huenda mara moja kwa wiki; ikikwama kwa upepo, siku za akiba zinahesabiwa kwa namna nyingine kabisa. Kisiwa cha Pitcairn unaruka kutoka Tahiti hadi kisiwa cha Mangareva, kisha meli kwa zaidi ya saa 30. Tristan da Cunha haina kiwanja cha ndege kabisa: ni meli kutoka Cape Town, kama wiki moja, kibali cha Baraza la Kisiwa lazima kiwe mkononi kabla ya kuondoka, na kufika si kushuka, maana kibandari chake kidogo mawimbi yakikifunga meli inasubiri nje. Barra ya Scotland ndege inatua ufukweni, hivyo ratiba inafuata maji kupwa. Kila kisiwa kina mlango wake na mlango una masharti. Yajue ya chako kabla hujagusa kadi ya mwaliko.

KijanaWaSpidi (#3)
Wakuu mnamtisha mwenzetu bure. Boti watu 24, raundi tatu, asubuhi ya Jumamosi kazi imekwisha. Kwa nini kulipa ndege?

TeziNaOmo (#4)
Tupige hesabu pamoja, mdogo wangu. Kilomita 70 kwa 45 ni kama saa 1 na dakika 35. Kupakia nusu saa, kushusha nusu saa, na hiyo ni kwa watu wazima wasiobishana kuhusu viti. Ukitoka bandarini saa 12 kamili asubuhi, kundi la kwanza linafika saa 1:35. La pili linaondoka saa 4:10, linafika saa 5:45. La tatu linaondoka saa 8:20 mchana na kugusa gati saa 10 kasoro dakika tano. Ndoa ni saa 10. Na hapo bahari imekuwa shwari siku nzima, hakuna aliyechelewa, na boti imejazwa mafuta bila kupoteza hata dakika moja.

Bahari nayo haibaki shwari siku nzima. Karibu na nchi kavu upepo wa baharini huanza kuinuka ardhi ikishapata joto, mchana ukazidi. Raundi yako ya tatu, ambayo kwa kawaida ndiyo yenye waliochelewa na wazee waliosubiriwa wamalize chai, inakutana na saa mbaya kuliko zote.

Kuhusu utabiri, usiangalie kimo cha wimbi peke yake:

1. Kimo kinachoandikwa ni wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa. Wimbi moja moja linaweza kukaribia mara mbili yake. Ukisoma mita 1.2, jiandae kukutana na mita 2.
2. Angalia sekunde kati ya kilele na kilele. Mita 1.2 kwa sekunde 5 inapiga boti ndogo vibaya. Mita hiyohiyo kwa sekunde 12 inapanda na kushuka taratibu. Ila hiyo ya sekunde 12 ndiyo inayosumbua kwenye gati, kwa sababu boti inainuka na kushuka wakati watu wanaruka.
3. Upepo ukielekeana na mkondo wa maji, mawimbi yanasimama wima na kukaribiana. Safari ileile, upepo uleule, lakini maji yakigeuka ni bahari nyingine.

Kwa boti ya faiba ya ukubwa huo ikiwa na familia ndani, upepo wa kilomita 20 kwa saa unavumilika. Ukifika 30, mwendo unashuka hadi karibu nusu na saa moja na nusu inakuwa tatu. Ukifika 40, nahodha mwenye akili anabaki kunywa kahawa. Na neno lake ndilo la mwisho, liandikwe hivyo kwenye mkataba, ili shemeji mwenye haraka asipate mwanya.

Mratibu64 (#5)
Nimekusoma mkuu. Kwa hiyo boti tuitupe?

TeziNaOmo (#6)
Usiitupe, ibakishe kuwa ya akiba. Ikodi asubuhi ya Ijumaa kwa watakaokosa vingine, safari moja. Siku ya kwenda kuikagua usiulize rangi, uliza haya: cheti cha ukaguzi kinaruhusu abiria wangapi (si viti vingapi), jaketi okozi za saizi ya watoto zipo na zinafungwaje, redio ya baharini (VHF) inaita chaneli 16, ile ya dharura, au imewekwa kama pambo, bima ya abiria ina jina la boti hiyohiyo. Mafuta: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi haiguswi. Muulize nahodha hilo bila kumtajia jibu, usikie atasema nini.

Halafu gati. Hapa ndipo mipango mingi inapofia. Chukua kina cha maji kilichoandikwa kwenye ramani ya bahari mbele ya gati, ongeza kimo cha maji cha saa hiyo kwenye jedwali la kupwa na kujaa. Tuseme ramani inasema mita 0.6 na maji ni 1.4: unapata mita 2. Boti inazama mita 1.1, imebaki 0.9, salama hata kukiwa na vijiwimbi. Saa tano baadaye maji yameshuka hadi 0.4: una mita 1, na boti inahitaji 1.1. Hapo wageni wanashushwa kwenye mtumbwi, au wanakunja suruali.

Maji hayashuki kwa mwendo mmoja. Kati ya kujaa na kupwa kuna kama saa sita. Saa ya kwanza yanaondoka sehemu 1 ya 12, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Nusu nzima inakimbia katika saa mbili za katikati, kwa hiyo kuchelewa dakika 40 saa hizo kunaumiza kuliko kuchelewa mwanzoni. Kila siku nyakati zinasogea mbele kama dakika 50. Usichukue saa za maji za Alhamisi ukazitumia Jumamosi. Na kama tarehe imeangukia mwezi mpevu au mwezi mwandamo, hayo ni maji ya bamvua: yanajaa sana na kupwa sana. Wapiga picha wanaupenda mwezi mpevu, nahodha anauhesabia kina.

RubaniWaChangarawe (#7)
Upande wa ndege. "Viti 12" ni viti, si kilo. Muulize mwenye ndege swali moja: "Ukishaweka mafuta ya kwenda na kurudi, umebaki na kilo ngapi za watu na mizigo?" Kisiwa kisichouza mafuta ya ndege kinakulazimisha kubeba ya kurudia, na uzito wake unatoka kwenye viti vyako.

Mfano akisema kilo 1,050. Watu wazima 12 kwa kilo 80 ni 960, zinabaki 90, yaani kilo saba na nusu kwa kila mtu. Hiyo haitoshi viatu vya maharusi. Ukipunguza hadi watu 10, ni 800, zinabaki 250, kila mtu kilo 25. Kwa harusi panga watu 10 kwa safari, viti viwili vibaki wazi au vibebe mizigo.

Sasa raundi. Kwenda 35, kushusha 25, kurudi 35, kupakia 25: saa 2 kamili. Wageni 64 ukiwapeleka wote kwa ndege, toa wachanga wawili wanaopakatwa, ni viti 62, safari 7, karibu saa 13 hadi safari ya mwisho itue. Mwanga wa jua ni kama saa 12 na kiwanja hakina taa. Haiwezekani kwa ndege moja siku moja, na kabla ya hapo rubani atakuwa ameshamaliza saa zake za kazi zinazoruhusiwa. Ama ndege mbili, ama siku mbili, ama uchanganye na feri.

Joto nalo. Hewa ya moto ni nyepesi, bawa na injini vinapata kidogo, ndege inahitaji barabara ndefu zaidi kuruka. Changarawe iliyolowa inaongeza tena. Kwa hiyo kilo alizokuambia saa 1 asubuhi zinaweza kuwa pungufu saa 8 mchana. Uliza zote mbili.

Wageni watapimwa kwenye mizani na mizigo yao. Waambieni mapema, tena kwa ujumbe wa kila mtu peke yake. Mtu akidanganya uzito kwenye fomu, ukweli unaonekana uwanjani mbele ya wakwe, na begi linabaki.

Mwisho: ukikodi ndege unalipia na safari tupu. Raundi ya kwanza inarudi bila mtu, na hiyo iko kwenye bili. Uliza pia ada za kutua, za kusubiri, na kama hali ya hewa ikizuia wanarudisha fedha au wanasogeza siku tu.

BiSanduku (#8)
Niongezee mizigo, maana ndiyo inayoleta ugomvi uwanjani.

Begi laini, lisilo na magurudumu wala ganda gumu. Mlango wa sehemu ya mizigo kwenye ndege hizi ni mdogo, sanduku gumu halipindi. Hakuna kabati la juu ya kiti, kwa hiyo gauni la bibi harusi halina pa kutundikwa; likunjwe kwa karatasi laini kwenye begi bapa na liende na mtu mmoja anayejulikana jina. Kwenye boti au feri, liwe ndani ya mfuko usiopenya maji. Chumvi ikishakauka kwenye hariri, msahau fundi.

Vitu vya sherehe vinavyozuiwa kwenye ndege: fataki, vijiti vya cheche, mitungi ya gesi ya maputo, na yale makopo ya kurusha karatasi za rangi. Pawabenki na betri za akiba za kamera zikae kwenye begi la mkononi, zisiwekwe kwenye mizigo. Kikomo cha kawaida ni watt-saa 100, sawa na pawabenki ya takriban mAh 27,000. Mpiga picha mwenye droni aambiwe mapema. Pombe ya zaidi ya asilimia 70 hairuhusiwi.

Maua mabichi na matunda: ulizeni sheria ya kisiwa kabla ya kuagiza. Visiwa vingi vinalinda mimea yake. Galápagos, kwa mfano, mizigo inakaguliwa bara kabla hujapanda ndege.

Viti, mahema, jenereta, vinywaji, sufuria: feri ya wiki moja kabla, wala visipande chombo kimoja na wageni.

Mratibu64 (#9)
Ahsante sana bibie. Na hawa wazee na mjamzito? Wazee wawili wanatembea kwa mkongojo.

DawaKwanza (#10)
Mjamzito: mashirika mengi ya ndege yanaanza kudai barua ya daktari kuanzia wiki ya 28, na kwa mimba ya mtoto mmoja hukataa baada ya wiki ya 36. Miezi saba inaangukia hapohapo kwenye 28 hadi 31. Hesabu wiki zake za siku ya kurudi, si za kwenda, hilo husahaulika. Boti ya kasi asipande kabisa.

Wazee: kwenye boti ya kasi wanaokaa mbele ndio wanaopigwa, omo, yaani mbele ya boti, inainuka na kuanguka, na uti wa mgongo wa mtu mzima unaweza kuvunjika kwa pigo moja. Wakilazimika, wakae nyuma, kwenye kiti chenye mto. Kwa mikongojo feri ndiyo bora kama gati ina ngazi pana. Ndege nayo ina ngazi nyembamba ya kupanda, muulize mwenye ndege kama ana msaidizi wa kumshika mtu.

Kichefuchefu: dawa kama sinarizini au promethazini zinamezwa kabla ya safari, si baada ya kuanza kutapika, maana tumbo likishagoma halipokei kitu. Bandiko la skopolamini nyuma ya sikio linahitaji angalau saa nne kabla. Nyingi zinaleta usingizi, zisichanganywe na pombe, na mwenye presha ya macho, mwenye tezi dume, mjamzito na mtoto wapitie kwanza kwa mfamasia. Wakae katikati ya chombo, chini, macho kwenye upeo wa bahari, simu mfukoni.

Halafu bima. Kisiwa cha mbali maana yake hospitali kubwa iko mbali. Tafuta bima inayotaja kusafirishwa kwa dharura ya kiafya. Saint Helena wanaidai kwa kila mgeni, na wana sababu.

DawatiLaTiketi (#11)
Kwenye ndege kubwa kuna mitego ambayo haionekani.

Mifumo mingi inauza hadi abiria 9 kwa bukingi moja. Kuanzia 10 unaingia kwenye bei ya kundi: unaweka arbuni, majina unatoa baadaye. Faida yake ni majina, bei yenyewe mara nyingi si ya chini. Na nyinyi mnatoka miji tofauti, kwa hiyo bei ya kundi inawahusu tu wanaotoka sehemu moja.

Mkitafuta viti 9 kwa pamoja wakati daraja la bei ya chini limebakiza viti 4, mfumo unawauzia wote 9 kwa bei ya juu. Tafuta mmoja, kisha wanne, uone bei inaruka wapi, ndipo mgawanye.

Jina la tiketi lifanane na pasipoti. Bibi harusi asikatiwe tiketi ya fungate kwa jina la mume wakati pasipoti bado ina jina la baba yake.

Usiruke kipande cha kwanza cha tiketi. Mfumo hufuta vilivyobaki vyote, na mgeni anaambiwa hana safari ya kurudi.

Tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali hazijuani. Ndege kubwa ikichelewa, ndege ndogo au feri haina wajibu wa kukusubiri wala kukurudishia. Dawa yake ni kulala bara usiku mmoja. Iandikeni kwenye mwaliko kwa maneno makavu: "Uwe umefika bara kabla ya Jumatano saa 12 jioni. Malazi ya usiku huo ni ya mgeni." Mkikaa kimya kuhusu nani analipa, kamati ndiyo italipa.

Mratibu64 (#12)
Nimeandika hivi, nikosoeni:

Jumanne, feri: watu 26. Wazee wote, mfungishaji ndoa, bwana na bibi harusi, wazazi, mashahidi, pete, nyaraka.
Alhamisi, ndege: raundi 4 kuanzia saa 1 asubuhi, viti 40 kwa waliobaki 38.
Ijumaa asubuhi: boti ya akiba.

RubaniWaChangarawe (#13)
Raundi ya nne inatua saa 7:35 mchana, hapo una nafasi hata kukiwa na ukungu wa asubuhi. Wanyonyeshwao hawachukui kiti lakini wana kilo, waandike. Kila raundi iwe na orodha yake: jina la pasipoti, uzito wa mtu, uzito wa begi, simu. Familia moja isigawanywe raundi mbili bila kuulizwa, na raundi ya kwanza ibebe vijana watakaopokea wengine.

Kwenye mkataba ongeza Ijumaa asubuhi kuwa siku mbadala ya ndege hiyohiyo. Bila maandishi, Ijumaa itakuwa imeshauzwa kwa mwingine.

TeziNaOmo (#14)
Jumanne umeweka kila kitu ambacho bila hicho hakuna ndoa kwenye feri moja. Feri hiyo ikiharibika injini Jumatatu je? Bwana harusi, shahidi mmoja na nakala zilizothibitishwa za nyaraka viende Alhamisi kwa ndege. Mfungishaji ndoa abaki Jumanne, lakini awe na kiti cha ndege kilichoshikwa kwa jina lake. Una viti 40 kwa watu 38, na wachanga wawili wanapakatwa, kwa hiyo vinne viko wazi: bwana harusi, shahidi, mfungishaji, kimoja kibaki cha dharura.

Wa feri nao wawe bara Jumatatu.

DawatiLaTiketi (#15)
Kurudi mmekusahau. Feri ni Jumanne. Wa ndege wakirudi Jumapili, wamelala saa 9 usiku, raundi ya saa 1 asubuhi haitajaa. Anzeni saa 4, raundi nne zinaishia saa 11 kasoro dakika 25 jioni kwa kutua bara. Hakuna wa Jumapili anayepaswa kuwa na ndege kubwa kabla ya Jumatatu mchana, wala wa feri kabla ya Jumatano mchana.

RubaniWaChangarawe (#16)
Na mkianza saa 4, raundi za katikati zinaruka kutoka kisiwani wakati wa joto kali, kwa hiyo rudini kwenye ile hesabu ya kilo za mchana, huenda ni watu 9 badala ya 10. Zawadi zote zipande feri ya Jumanne. Waliopiga mbizi kwa mitungi wasiruke kabla ya saa 18 kupita tangu watoke majini, na saa 12 hata kama ni mbizi moja tu. Mizani iwepo na kisiwani pia, ya kuning'iniza inatosha kwa mabegi.

Mratibu64 (#17)
Nimehamisha zawadi, na raundi za Jumapili nimeziweka watu 9 hadi mwenye ndege atoe kilo za mchana kwa maandishi. Kesho namfuata nahodha na yale maswali ya #6, la mafuta nitaliuliza bila kumtajia jibu.